Nguzo, Nyundo na Mwiko: Mwanamke Fundi Yuko Wapi katika Fasihi Yetu?

Utangulizi

Suala la mwanamke katika fasihi ya Kiswahili limekwisha kuandikwa sana. Kila mwaka tunasoma tasnifu zenye vichwa vinavyofanana kama pacha: "Usawiri wa Mwanamke katika", kisha linafuata jina la riwaya. Tumekwisha kumwona mwanamke kama mama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke aliyeharibiwa na mji, na mwanamke mwanamapinduzi anayehutubia mkutano. Makala haya hayakusudii kuongeza mwanamke wa tano katika orodha hiyo. Yanakusudia kuuliza swali moja dogo: huyu mwanamke tunayemhakiki kila muhula, mkononi ameshika nini?

Msomaji anaweza kusema swali hili ni la kitoto. Lakini hebu tujaribu. Katika vitabu nilivyosoma, mhusika wa kike akiingia jukwaani au katika ukurasa huwa ana mwiko wa ugali, mchi, ndoo ya maji, mtoto mgongoni, au jembe. Akiwa msomi ana kalamu. Akiwa kahaba ana kioo na bilauri. Ni nadra mno kumkuta ana nyundo, msumeno, bisibisi au timazi. Na hata huyo mmoja akipatikana, zana ameshikishwa na shida: mume amekufa, au amekimbia, au amelewa. Hoja yangu ni kwamba fasihi yetu inamjua mwanamke anayeshika zana kwa kuwa hana budi, lakini haimjui yule anayeishika kwa kuwa anaipenda. Pengo hilo si dogo. Limeathiri hata namna tunavyoisoma tamthilia kubwa kama Nguzo Mama.

Paa la Kihonda

Nianze nyumbani, kwa sababu hoja hii sikuipata maktaba. Mimi ni mtu wa Morogoro, mji kasoro bahari. Mama yangu mdogo anaishi Kihonda, katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kidogo kidogo kwa fedha za biashara ya mboga. Masika moja upepo ulioshuka kutoka mlimani ulimng'olea mabati ya upande wa jikoni. Akaita fundi. Fundi akachukua kianzio, akabandua bati mbili nyingine "ili kazi iwe safi", kisha akaaga kwamba anafuata misumari mjini. Misumari hiyo nadhani anaifua mwenyewe, maana mpaka leo hajarudi.

Usiku ule mvua ilinyesha hasa. Kesho yake mama mdogo aliazima ngazi kwa jirani, akavaa suruali ya kaka yake, akapanda. Kwanza aliyatazama kwa makini mabati yaliyobaki mahali pake. Akagundua kwamba msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa mkunjo, si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Akagundua kwamba chini ya kichwa cha msumari lazima kuwe na kipande cha mpira, na kwamba bati la juu sharti lililalie la chini. Ukikosea mpangilio huo maji yataingia tu, hata ukipaka lami debe zima. Vidole viwili aliviumiza. Jioni paa lilikuwa limefungwa.

Hadithi ya kawaida ya fasihi yetu ingekwisha hapo: mwanamke ameonewa, amejikaza, ameshinda. Lakini haikwisha. Wiki iliyofuata alinunua nyundo yake mwenyewe na bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, akaziweka katika ndoo kuukuu ya rangi. Kitasa cha mlango wa uani kilichokuwa kinagoma alikifungua, akakichambua mezani kama mchele. Alibadilisha washa ya koki iliyokuwa ikidondosha maji tangu mwaka wa juzi. Aliunda rafu ya vyombo kwa mbao za papi zilizobaki, na alipoona imelalia upande mmoja akaivunja na kuiunda upya, wala hakuna aliyemlazimisha. Nilipofika likizo nilimkuta ameketi juu ya kenchi, miguu inaning'inia, anaimba. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Shuka basi tusalimiane." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Subiri nimalize, hapa ndipo penye utamu."

Usiku tukiwa jikoni aliniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: "Siku ya kwanza shida ndiyo iliyonipandisha. Siku ya pili nilipanda mwenyewe."

Mambo yalichacha pale mjomba wake alipoteremka kutoka Mgeta. Mjomba kwetu si mtu wa kupuuzwa. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na ndugu wa kiume wa mama ndiye msemaji katika mambo mazito. Mzee alikaa, akanywa chai, kisha akasema taratibu: "Mpwa wangu, kiwanja ni chako, nyumba ni yako, hakuna anayebisha. Lakini ukipanda juu ya paa mchana kweupe, watu watauliza wajomba zako wamekwenda wapi." Mama mdogo akajibu kwa heshima, macho chini: "Mjomba, waambie mpo. Mimi sikupanda kutafuta wajomba, nilipanda kutafuta tundu."

Sisi vijana tulicheka. Mjomba hakucheka. Alimaliza chai akaenda zake, na sikukuu iliyofuata hakukanyaga nyumba ile. Mama mdogo aliumia, nalijua hilo, maana sahani yake aliiandaa akaifunika mpaka jioni. Basi msomaji asidhani kwamba naleta hapa kichekesho cha kijijini. Mwanamke anakubaliwa kuwa mwenye ardhi, mwenye kiwanja na mwenye nyumba, lakini akiwa mwenye nyundo anaonekana ameutia ukoo aibu. Mgongano wa namna hii ndio fasihi inaoupenda. Kwa nini basi fasihi yetu imeupita?

Lugha inasema nini?

Kisarufi, Kiswahili hakina ubaguzi. Sentensi "Fundi amekuja" haisemi kama aliyekuja ni mke au mume. Lakini mwambie mtu yeyote pale stendi ya Msamvu kwamba fundi amekuja, kisha mwulize amevaa nini. Hutasikia kanga. Sarufi imeacha mlango wazi, mawazo yetu ndiyo yaliyoufunga.

Na ajabu ni kwamba matengenezo ya nyumba ni kazi ya kale ya mwanamke. Katika nyumba ya miti na udongo, wanaume kwa kawaida ndio hukata miti, huisimamisha na kufunga fito. Wanawake huchota maji, huukanyaga udongo, hukandika ukuta, na baadaye husiriba. Mvua ikiula ukuta, anayerudi na udongo kiganjani ni mwanamke. Tunafundishwa tangu shule ya msingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na tunaandika katika mitihani kwamba methali hiyo inahimiza kuwahi tatizo likiwa dogo. Sawa. Lakini kijijini aliyekuwa akiuziba huo ufa ni nani? Methali inayotumiwa na viongozi wote majukwaani imetoka, kwa sehemu kubwa, katika mkono wa mwanamke mwenye matope.

Tutazame jirani zetu. Mkoa wa Morogoro una Wamasai wengi, hasa pande za Kilosa na Mvomero. Kwao nyumba hujengwa na mwanamke. Ndiye huchomeka fito, huzikunja, huzifunga, na kuzipaka udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Paa likivuja, yeye ndiye hupanda kuliziba, na hakuna anayeuliza wajomba wamekwenda wapi. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mwanamke juu ya paa ni jambo lililoletwa na ndege kutoka Ulaya hawajafika hata Mvomero.

Halafu kuna ufinyanzi. Katika milima ya Uluguru, kama ilivyo sehemu nyingi nchini, wanaofinyanga vyungu ni wanawake. Mfinyanzi ana zana zake: kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi la hindi la kutilia nakshi, kokoto laini ya kung'arishia. Lakini vitu hivyo hatuviiti zana. Tunaviita vitu vya akina mama.

Nini kilitokea? Nyumba ilipohama kutoka udongo kwenda saruji na bati, vifaa vikawa vya kununua, kazi ikawa ya malipo, na hapo ndipo ikapata jina la ufundi. Kazi ya kupaka ukuta ni ileile. Ikifanywa kwa kiganja na udongo ni kukandika: ni ya mwanamke na haina malipo. Ikifanywa kwa mwiko na saruji ni kupiga lipu: ni ya fundi, tena ina bei kwa kila mita.

Nimetaja mwiko. Lugha yetu ina neno hilo moja kwa mambo matatu. Mwiko ni ule wa kusongea ugali. Mwiko ni ule wa mwashi. Na mwiko ni katazo, jambo ambalo mtu akilifanya anaudhi wazee. Wanaisimu wataniambia kwamba haya ni mambo ya homonimu tu, nisijenge ghorofa juu yake. Nakubali. Lakini sisi wa fasihi tunaruhusiwa kutazama. Mwanamke kapewa mwiko wa kwanza, mwanamume kapewa wa pili, na wa tatu umewekwa katikati yao ili kila mmoja abaki na wake. Mama mdogo alichokosea machoni pa mjomba ni kuchukua mwiko wa pili bila kuurudisha wa kwanza, maana ugali bado anasonga.

Raha ya Utubora

Sasa turudi vitabuni. Si kweli kwamba fasihi ya Kiswahili haijui raha ya kazi ya mikono. Inaijua vizuri sana. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, inamhusu mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini akarudi kijijini kushika jembe. Hakufukuzwa, hakufilisika, hakulazimishwa. Alipenda. Wahakiki tumekwisha kujadili kama Utubora ni mhusika bapa, kama falsafa yake ni ya kukimbia hali halisi, kama Busutamu ni ndoto. Hayo yote ni mjadala halali. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hatukuona ajabu yoyote mwanamume kufurahia zana. Tuliiita falsafa.

Mwandishi huyohuyo alituandikia Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alitoka Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akiuza vyungu mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Tunapofundishwa habari zake, vyungu hutajwa haraka haraka kama alama ya umaskini alioukimbia, kisha tunafika kwenye sauti na kutulia hapo. Sibishi kwamba aliukimbia umaskini. Nasema tu kwamba jembe la Utubora tumelisoma kama chaguo la roho, na udongo wa Fumba tumeusoma kama balaa. Tofauti haimo katika vitu hivyo viwili. Imo katika macho yetu wasomaji.

Tukirudi nyuma zaidi tunakuta Utendi wa Mwana Kupona, wa karne ya 19, ambamo mama anamwachia binti yake maagizo. Nyumba katika utendi huo ni mahali pa usafi, adabu na utii kwa mume. Ni nyumba ya kupambwa na kutunzwa. Nani hurekebisha bawaba mlango ukining'inia? Utendi hauna haja ya kusema, kwa kuwa katika tabaka lile la pwani kazi hizo zilikuwa na watu wake. Hii inatukumbusha kwamba suala la zana si la jinsia peke yake, ni la tabaka pia.

Nadhani tunaikaribia ile "siku ya pili" katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), pale Rehema anapoishi na Sulubu kwa jasho lao wenyewe shambani. Ndipo riwaya ile inapopumua kidogo. Lakini kivuli cha dhuluma kinawafuata mpaka shambani, na wahakiki, kwa haki kabisa, tumeandika juu ya dhuluma. Ile pumzi hatukuiandikia hata aya moja.

Nguzo Mama na swali la mama mdogo

Sasa nifike kwenye kazi ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Nguzo Mama ilitoka mwaka 1982. Mwandishi wake, Penina Muhando, anayefahamika pia kama Penina Mlama, ni mzaliwa wa Berega mkoani kwetu, mwaka 1948. Tamthilia inatupeleka katika kijiji cha Patata, ambako wanawake wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama. Kuna Bi Msimulizi anayetuongoza, na wanawake wengi wamepewa namba badala ya majina: Bi Moja, Bi Pili na kuendelea. Kila mmoja ana nyumba yake na mikasa yake inayomvuta. Nguzo haisimami.

Maelezo tuliyozoea darasani ni haya: nguzo ni ishara ya ukombozi wa mwanamke, haisimami kwa sababu wanawake hawana umoja, dhamira kuu ni kwamba bila umoja hakuna ukombozi. Andika hivyo katika mtihani utapata maksi zako. Nami niliandika hivyo nikazipata.

Likizo ile nilimsimulia mama mdogo tamthilia nzima, yeye akipiga msasa mguu wa stuli. Nilipofika mahali nguzo inapoanguka nilinyamaza nikingoja aseme neno juu ya umoja. Akauliza, "Shimo walichimba kina gani?" Nikacheka. Akaendelea, "Na kamba walikuwa nazo ngapi?" Nikamwambia kwamba nguzo ile ni ishara tu. Akanitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyechukua kianzio. "Hata kama ni ishara," akasema, "si ni ishara ya nguzo?"

Akanieleza jinsi nguzo nzito inavyosimamishwa. Shimo huchimbwa upande mmoja likiwa na mteremko, ili kitako cha nguzo kitelezee ndani. Kamba hufungwa juu, zikavutwa kutoka pande tatu au nne, na wengine wakasukuma kwa magongo yenye panda. Ikishasimama, mmoja huangalia kwa timazi kama imenyooka. Halafu ndipo inapofika kazi yenyewe: kutia mawe na udongo kwa tabaka, na kushindilia kila tabaka. "Watu wengi hudhani kazi ni kunyanyua," alisema. "Kunyanyua ni kelele za dakika tano. Kazi ni kushika kamba wakati wengine wanashindilia. Hapo ukiachia ukakimbilia chungu chako jikoni, inalala."

Sikuwahi kusikia uhakiki wa Nguzo Mama ulionigusa kama huo. Hebu tuisome tamthilia upya kwa maneno hayo. Tumekuwa tukisema wanawake wa Patata hawana umoja, kana kwamba umoja ni sifa ya moyo ambayo wao wameinyimwa au wameikataa. Tena tunasema hivyo kwa sauti ya kuwalaumu. Lakini umoja katika kazi ya kusimamisha nguzo ni uwezo wa kubaki kwenye kamba mpaka udongo ushindiliwe. Na uwezo huo mwanamke wa Patata hana, si kwa sababu ana roho mbaya, bali kwa sababu kuna chungu, kuna mtoto, kuna mume, kuna mashemeji, na kila kimojawapo kina haki ya kumwita wakati wowote, naye hana ruhusa ya kusema, "Subiri nimalize." Mama mdogo aliponijibu juu ya kenchi kwamba nisubiri, alikuwa ametamka sentensi ambayo kijiji kizima cha Patata hakina nafasi ya kuitamka.

Kwa usomaji huu, lawama inahama. Haikai tena juu ya tabia za wanawake. Inakwenda kwenye mgawanyo wa muda na wa zana. Wala sidai kwamba mwandishi alipaswa kutuandikia somo la ujenzi. Tamthilia si karakana. Ninadai kwamba sisi wahakiki tumeikimbilia ishara kabla ya kukigusa kitu chenyewe. Mtu ambaye hajawahi kushika kamba ataona nguzo ni wazo. Aliyeshika ataona ni uzito, na kwa kuuona uzito atalielewa wazo vizuri zaidi.

Nadhani mwandishi mwenyewe asingeshangazwa na mhakiki wa aina ya mama mdogo. Katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo ameeleza kazi ya sanaa za maonyesho aliyoifanya na wanavijiji, pamoja na wa Mkambalani, kijiji kilicho katika barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Na tangu mwaka 1996 mradi wa Tuseme umetumia sanaa za maonyesho kuwawezesha wasichana wa shule waseme matatizo yao. Falsafa ya kazi hizo ni kwamba mwenye tatizo ndiye mchambuzi wa kwanza. Tukiikubali kijijini, kwa nini tuikatae katika chumba cha semina?

Pingamizi

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye rasimu hii aliniambia, "Dada, wewe unawaongezea wanawake mzigo. Analima, anapika, analea, anachota maji, sasa unataka apande na paa?" Hoja hii ni nzito, na sitaki kuipita kwa mbio.

Ni kweli. Akina mama wa Mgeta na Kinole huteremka na mizigo ya mboga na ndizi katika njia ambazo mimi mikono mitupu nateleza. Hakuna anayehitaji kufundishwa kazi hapo. Na yule mwanamke wa Kimasai niliyemsifu hapo juu anajenga nyumba kwa sababu ni wajibu wake. Akichoka hana wa kumwachia. Zana peke yake haimkomboi mtu. Kama ingekuwa hivyo jembe la mkono lingekwisha kuwakomboa wanawake wa Afrika zamani sana.

Lakini Waluguru wenyewe wametuachia mfano wa kutenganisha kazi na mzigo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1955 watu waliyakataa, ghasia zikazuka, na huko Matombo polisi walifyatua risasi. Watu hao hawakuwa wavivu. Jembe lililokataa kuchimba matuta lilikuwa jembe lilelile lililorudi shambani kesho yake. Kilichobadilika ni nani aliyeamuru, kwa faida ya nani. Hivyo ndivyo ninavyoielewa tofauti ya siku ya kwanza na siku ya pili ya mama mdogo. Nyundo ni ileile. Siku ya kwanza iliamriwa na mvua na fundi mtoro. Siku ya pili iliamriwa na yeye.

Kwa hiyo sisemi kila mwanamke apande juu ya paa. Nasema anayetaka kupanda asihesabiwe kuwa amefiwa. Na anayeifanya kazi hiyo kwa watu aitwe fundi, alipwe malipo ya fundi. Maisha yamekwisha kuitangulia fasihi katika hili. Sheria iliyounda VETA ni ya mwaka 1994, na mji wetu una chuo kinachoandaa walimu wa ufundi stadi. Huko Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimefundisha wanawake wa vijijini, wengine bila elimu kubwa ya darasani, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, kwa mfano uliotoka Tilonia nchini India. Wanawake hao wanarudi kwao wakiwa na koleo na waya za risasi, na kijiji kinawangoja wawashe taa. Mhusika huyo yupo, anatembea. Riwaya yake iko wapi?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba lugha na desturi zetu zinamjua mwanamke anayetengeneza nyumba, bali zimemnyima jina la fundi tangu kazi hiyo ilipoanza kulipiwa. Pili, kwamba fasihi imempa mwanamume raha ya zana na kumwachia mwanamke shida yake. Tatu, kwamba Nguzo Mama ikisomwa na mtu aliyewahi kushika kamba inakuwa tamthilia kali zaidi, na isiyo na lawama za bure kwa wanawake.

Nimalize kwa kukiri. Muhula uliopita kitasa cha chumba changu bwenini kiliharibika. Nilikaa wiki tatu nikijaza fomu na kufunga mlango kwa kamba ya katani, mimi niliyekuwa naandika makala juu ya mwanamke na zana! Mwishowe nilinunua bisibisi. Ilinichukua jioni nzima, na springi moja ilirukia chini ya kitanda nikaitafuta kwa mshumaa. Kitasa kinafunga sasa, ingawa kinataka ukiinue kidogo. Sikuhitaji kukifungua tena, lakini Jumamosi iliyopita nilikifungua, kuona tu kama naweza kukiondolea huko kuinua. Bado sijaweza.

Mjadala nauacha wazi. Wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu wanaomjua mhusika wa kike mwenye nyundo mkononi na wimbo mdomoni, katika kitabu chochote cha Kiswahili, wamlete katika toleo lijalo. Nitafurahi sana kukosolewa.